Bahasha ya Kwenda Kalemie

Anayetafuta kazi huku kwetu Kirungu, mara nyingi kazi yenyewe iko Kalemie. Huko ndiko kwenye bandari na reli, ndiko zilikokaa ofisi za mkoa wetu wa Kongo, Tanganyika, tangu ulipotengwa na Katanga mwaka 2015, na ndiko mashirika ya misaada yalikofungua milango yao. Sisi wa huku juu ya mlima tunatuma bahasha. Inashuka kwa pikipiki hadi Moba Port, inapanda boti, inangoja upepo utulie, kisha inafika mezani kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga Kirungu wala hajui baba yako ni nani. Atakachokijua juu yako ni kile tu kilichomo katika hizo karatasi tatu nne.

Karatasi hizo ndizo kazi yangu. Nina sekretaria karibu na soko: kompyuta, printa, mashine ya fotokopi, paneli za sola juu ya bati. Walimu huja kupiga chapa mitihani, wanakwaya huleta nyimbo zao, na kila tangazo la kazi linapotoka, vijana hujaa kibarazani. Wengine wananiita mama, wengine yaya, yaani dada mkubwa. Karibu wote huanza na ombi lilelile: "Yaya, tafuta CV ya fulani kwenye mashine, ubadilishe jina tu."

Hilo silifanyi, hata mtu akiniongezea pesa, kwa sababu nimeona linavyowanyima kazi vijana wenye uwezo.

Niliwahi kuitwa mjini kuandika ripoti ya kamati iliyokuwa ikifungua bahasha za namna hiyo. Nafasi ilikuwa moja, bahasha zilijaa katoni. Wanakamati walikuwa na jedwali mbele yao: kila mwombaji mstari wake, na kila mstari umekatwa vyumba. Chumba cha diploma. Chumba cha miaka ya uzoefu. Chumba cha lugha. Chumba cha kompyuta. Chumba cha vyeti, kama vimetimia au la. Msomaji anafunua ukurasa, anatafuta kwa kidole, anaandika alama, anashika bahasha nyingine. Asipokiona anachokitafuta, anaandika sifuri na kuendelea. Hamchukii mtu, hajakiona tu. Basi CV moja baada ya nyingine ilikuwa inasema: mchapakazi, mwaminifu, mwenye roho ya kushirikiana, tayari kufanya kazi chini ya shinikizo. Maneno hayohayo, kwa mpangilio uleule, hata kosa la herufi lilikuwa lilelile, maana zote zilitoka kwenye mashine moja. Kwenye lile jedwali hapakuwa na chumba cha maneno hayo.

Kwa hiyo mimi huanza na tangazo. Nalichapisha, tunalisoma pamoja na kalamu mkononi. Tuseme shirika linataka mtu mwenye diploma ya Serikali, uzoefu wa miaka miwili wa kuhamasisha jamii, anayejua Kiswahili na Kitabwa au Kiluba, anayeweza kuendesha pikipiki. Hayo ni mambo manne, na kila moja lazima lipate jibu lake kwenye ukurasa wa kwanza. Kama una kibali cha kuendesha, andika kibali na aina yake. Kama huna na unaendesha tu, sema unaendesha, usiseme una kibali, kwa sababu siku ya mwisho watakiomba. Ukipeleka karatasi ileile kuomba kazi ya udereva na kazi ya uhasibu, mmoja kati ya wasomaji wale wawili hatakiona anachokitafuta, na mara nyingi ni wote wawili.

Sehemu inayotuchukua muda mrefu kuliko zote ni ile ya kazi ulizofanya. Hapa ndipo watu wetu wanapojidhulumu.

Kijana mmoja wa Moba Port alipanda kwangu na diploma yake ndani ya farde ya plastiki. Nikamuuliza amefanya kazi gani.

"Sijawahi kufanya kazi, yaya. Niko tu shomeri."

"Na wakati wa kipindupindu, nani alikuwa anasimama kule ziwani na chupa ya klorini?"

"Ni mimi. Lakini ile ilikuwa bure, nilikuwa reko tu. Walitupa fulana na sabuni."

Nikamwambia akae. Reko, yule mjumbe wa afya anayepita nyumba kwa nyumba, ni mtu ambaye kituo cha afya hakiwezi kufanya kazi bila yeye. Kila kipindupindu kinapozuka kandokando ya ziwa, nesi haondoki kituoni. Anayeshuka majini ni reko. Nikamuuliza alikuwa anafika saa ngapi. Saa kumi na mbili asubuhi, mpaka saa nne. Alikuwa anafanya nini? Mama akileta bidoni ya lita 20, anavuta dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, anapima, anatia, anamwambia asinywe maji yale mpaka nusu saa ipite. Alikuwa anahesabu? Ndiyo, kwenye daftari, vijiti vitano vitano, na Jumamosi anapeleka hesabu kwa nesi mkuu. Daftari liko wapi? Liko nyumbani. Nikamtuma alilete.

Tulipomaliza, palipokuwa patupu pakawa na maneno haya, ambayo kwenye karatasi yako kwa Kifaransa: Aprili hadi Agosti 2023, reko wa kujitolea, kituo cha afya, Moba Port. Kutia klorini katika maji ya kunywa mahali pa kuchotea, wastani wa bidoni 200 kwa asubuhi. Kutembelea kaya 40 za mtaa na kuonyesha namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mgonjwa anayeharisha. Kutoa ripoti ya juma kwa nesi mkuu. Hakuna lililoongezwa. Yote aliyafanya, na yote yako kwenye daftari lile lenye madoa ya klorini. Aliitwa kwenye mtihani wa maandishi.

Kuna wengi kama yeye. Kuna mwalimu aliyefundisha darasa zima mwaka mzima bila Serikali kumlipa, anayekula kwa mchango wa wazazi, naye anaona haya kuandika miaka hiyo kwa kuwa jina lake haliko kwenye orodha ya mishahara. Amefundisha watoto 50 kusoma. Mishahara ni habari nyingine. Kuna msichana aliyeshika vitabu vya kikundi cha akiba cha akina mama, likelemba iliyofanya kazi miaka mitatu bila hata franka moja kupotea, na kwenye CV yake ameandika "mapumziko: kusali na kusikiliza muziki." Anaomba kazi ya kutunza kasha! Kazi ni ile uliyofanya, mahali fulani, tangu mwezi fulani hadi mwezi fulani, mbele ya mtu anayeweza kushuhudia. Kulipwa si sharti. Ila andika wazi kwamba ulijitolea, usivae cheo ambacho hukupewa.

Vijana wakisema mistari mikavu namna hii haina nguvu, nawatolea mfano wa mtoto wa milima hii yetu ya Marungu. Mwaka 1910, chapisho la saikolojia ya Wabantu, gazeti la Revue Congolaise. Tarehe 21 Julai 1917, kupewa upadri hapa Baudouinville, yaani Kirungu yenyewe, padri wa kwanza Mkongo. Huyo ni Padri Stefano Kaoze, aliyefariki mwaka 1951. Ni mistari miwili, haina hata neno moja la kumsifu, na anayeisoma anajua mara moja amekutana na mtu wa namna gani. Sifa ziko ndani ya tarehe na matendo. Vijana wanaopita mbele ya kanisa la matofali la hapa Kirungu kila Jumapili wanaweza kujifunza kuandika kutoka hapo.

Panga mambo ya karibuni juu, ya zamani chini, kwa kuwa msomaji huanzia juu na huenda asifike chini. Shule ya msingi haina haja ya kutajwa kama una diploma. Kurasa mbili zinatosha karibu kila mtu. Aliyemaliza sekondari juzi, ukurasa mmoja. Na kama kuna miaka ambayo ulikimbia vita, kama ilivyowapata watu wengi sana wa mkoa huu mwaka 2016 na 2017, usiiruke wala usiizibe kwa kazi ya uongo. Mstari mmoja unatosha: kuhama, kilimo cha muhogo, au biashara ya ndagala. Wanaosoma Kalemie wanajua vita ilipita wapi.

Jina nalo linasumbua kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu ulipiga marufuku majina ya Kikristo, na mpaka leo Mkongo anaandikwa kwa jina, jina la pili, halafu jina la ubatizo. Matokeo yake ni kwamba mtu mmoja ana majina mawili kwenye diploma, matatu kwenye kadi ya mpiga kura, na kwenye cheti cha kuzaliwa karani ameandika herufi anavyotaka mwenyewe. Kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho chetu kwa miaka mingi, kwa hiyo huwezi kuiacha. Ninachofanya ni kufuata diploma herufi kwa herufi, na kutumia jina hilohilo kwenye CV, kwenye barua ya maombi, kwenye bahasha na kwenye anwani ya barua pepe. Kadi ikitofautiana, nenda kwenye ofisi ya hali ya raia uombe cheti kinachosema kwamba majina yale yote ni ya mtu mmoja. Fanya hivyo kabla tangazo halijatoka. Likishatoka, siku ulizo nazo ni chache na boti halikungoji.

Fomu za zamani zilitaka jina la baba, jina la mama, kijiji cha asili, sekta, groupement, hali ya ndoa na idadi ya watoto. Baadhi ya ofisi za Serikali bado zinayataka, wape. Lakini kwa shirika au kampuni, mimi nayatoa. Katika mkoa uliotokwa damu kwa ajili ya nani ni mtoto wa nani, sioni sababu ya kumpa msomaji kabila lako kabla hajajua unaweza kufanya nini. Kinachofaa ni mahali unapoishi sasa, kwa sababu matangazo mengi husema wenyeji wa eneo watapewa nafasi ya kwanza. Andika Kirungu, Moba, na mtaa wako.

Lugha, hapo tuna utajiri tunaoutupa. Watu huandika Kifaransa na Kiswahili, halafu wanaongeza "Kiingereza kidogo" ambacho hakipo. Kitabwa hawakitaji, kana kwamba lugha ya nyumbani si ujuzi. Shirika linalotuma mtu kwenye vijiji vya Marungu linahitaji anayeweza kukaa na bibi asiyejua Kiswahili vizuri na kumwuliza mtoto anaharisha tangu lini. Andika Kitabwa. Andika Kiluba na Kibemba kama unavijua. Na wale waliorudi kutoka Zambia, walioshukishwa na meli hapa Moba kuanzia mwaka 2007, wengi walisoma shule za kambini kwa Kiingereza. Kiingereza chao ni cha kweli, lakini naona wanaficha ile miaka ya ukimbizi kana kwamba ni aibu. Miaka ile ndiyo inayoeleza lugha hiyo ilitoka wapi, iandikeni.

Kuhusu vyeti, sheria iko upande wako. Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri, mkataba unapokwisha, ampe mfanyakazi cheti kinachotaja aina ya kazi na muda aliofanya. Kiombe siku ileile ya mwisho, kabla meneja hajapanda ndege na ofisi kufungwa. MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, ilipoondoka Tanganyika mwaka 2022, na tena mwaka 2025 fedha za msaada wa Marekani ziliposimamishwa na miradi mingi ya mashariki kufungwa, walipita hapa watu waliofanya kazi miaka na mikono yao ilikuwa mitupu, hawana hata karatasi moja yenye kashe, yaani muhuri. Kumtafuta mkubwa wa zamani ambaye sasa yuko nchi nyingine ni kazi nzito. Na unapopeleka vyeti, peleka fotokopi. Diploma yenyewe haitoki nyumbani isipokuwa umeishika wewe, siku unayoitwa kuionyesha.

Wadhamini wako wawe watu waliokuona ukifanya kazi. Paroko anakufahamu kanisani, ni vizuri, lakini atakayepigiwa simu ataulizwa kama ulikuwa unafika kwa wakati na kama hesabu zako zilikuwa sawa. Mwombe ruhusa mtu huyo kwanza. Hakikisha nambari yake inashika; huku mtandao unakuja na kuondoka, basi andika nambari mbili za kila mmoja, Vodacom na Airtel.

Hilo linanifikisha kwenye jambo ambalo linaniuma kuliko mengine. Vijana wengi hufunguliwa anwani ya barua pepe na mtu mwingine, kaka wa mtaani au mwenye duka la simu, naye ndiye anayejua neno la siri. Tangazo linapita, barua ya kuitwa kwenye mtihani inaingia, inakaa humo. Msichana mmoja aliitwa kwenye mtihani wa kazi aliyoistahili kabisa, akaja kujua baada ya wiki mbili, aliyemfungulia anwani alipokuwa ameshahama kwenda Lubumbashi. Nililia naye. Tangu hapo, nikimwandikia mtu CV, tunafungua anwani pamoja kwenye simu yake, analiandika neno la siri kwa mkono wake mwenyewe, mara mbili, kwenye daftari linalokaa nyumbani. Anwani iwe jina lake. Ile ya "mtoto mzuri wa Moba" ibaki kwa marafiki.

Ukituma kwa barua pepe, andika kwenye kichwa cha ujumbe jina la nafasi na nambari ya tangazo kama zilivyoandikwa. Weka CV, barua na vyeti katika faili moja la PDF lenye jina lako. Faili linaloitwa "CV mpya ya mwisho" litapotea kati ya mengine arobaini yenye jina hilo. Diploma usiipige picha kitandani, imelala upande, na kidole kimeingia. Ukituma kwa bahasha, andika nafasi hiyohiyo upande wa kushoto juu, na uliyempa bahasha kule Kalemie aombe sahihi kwenye fotokopi yako kwamba imepokelewa.

Na ukiambiwa ulipe chochote ili jina lako liingie, ujue hiyo si kazi. Matangazo ya mashirika yanasema wazi kwamba kuomba kazi ni bure, na chini huwa kuna nambari ya kupiga au anwani ya kushtaki. Nambari hiyo huwa naizungushia duara kwa kalamu nyekundu, hasa kwa wasichana, kwa sababu wao huombwa zaidi ya pesa. Ninawaambia mbele ya mama zao: mwanaume anayekuita hotelini kwa ajili ya "intavyu" hana kazi ya kukupa, na kuna mahali pa kumshtaki.

Wanabaki wale wasio na karatasi kabisa, na hao ninawapenda kwa namna ya pekee, kwa kuwa wanadhani CV si yao. Juzi alikuja mzee, fundi mwashi; kampuni ya ujenzi ilikuwa inatafuta mkuu wa timu. Hana cheti, alijifunza kwa mjomba wake. Nikamwuliza amejenga nini katika Moba hii. Akaanza kuhesabu kwa vidole, vikamwishia. Tukaandika majengo badala ya shule: jengo, mahali, mwaka, ukubwa, mafundi wangapi walikuwa chini yake, na nani alikuwa mwenye kazi. Madarasa matatu ya matofali ya kuchoma, zahanati moja, nyumba za walimu, tangi la kuvuna maji ya mvua. Mwaka wa madarasa alikuwa hana hakika nao, akataka tukisie. Nikakataa, nikampa simu, akampigia aliyekuwa prefe, yaani mkuu, wa shule ile. Wakasalimiana muda mrefu, wakaulizana habari za watoto. Prefe akasema bati zilipanda Oktoba 2016, kabla ya mvua kubwa, halafu akauliza: vyoo vya shule mmeviandika? Vile navyo ni yeye aliyevijenga, matundu sita, na mpaka leo havijapasuka. Tukaviongeza.